Neno Lililoongezwa Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja alikuwa na kazi aliyoichukia: kuchambua sufi. Mama yake alikuwa mshona magodoro, na sufi ikitoka kwa muuzaji huja na mbegu, vijiti na takataka za kila namna. Basi mtoto huketi jamvini, akajaza sufi mapajani, akaokota uchafu huo mmoja mmoja hadi pua imuwashe. Mama alisema mbegu moja iliyosahaulika humnyima mtu usingizi mwaka mzima. Msichana alijua kwamba mama anatia chumvi, lakini aliokota, maana mama alikuwa na tabia ya kuingiza mkono kwenye lundo na kuibuka na mbegu papo hapo.

Mtaani walimwita Redio. Jina lake halisi lilikuwapo, ila lilitoka siku za mitihani tu. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimpa neno alipeleke mahali, lilifika kama lilivyotoka, bila kupungua wala kuzidi, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Katika mji ule, kipaji hicho kilikuwa na kazi kubwa.

Mji wenyewe ulikatwa katikati na korongo refu lenye daraja la saruji. Waliokaa huku waliwaita wa kule watu wa ng'ambo. Waliokaa kule nao waliwaita wa huku watu wa ng'ambo. Kwa hiyo kila mtu mjini alikuwa wa ng'ambo, ila hakuna aliyecheka, kwa sababu kati yao damu ilikuwa imemwagika.

Ugomvi ulianza kwa maji. Tangi lilikuwa upande wa akina Redio, mabomba yakapita darajani kwenda upande wa pili, na kiangazi kilipozidi maji hayakufika. Kila upande ukasema mwenzake mwizi. Siku moja vijana walitoka na mapanga na mawe, na jua lilipotua watu wa pande zote mbili walikuwa wamelala chini. Upande wa akina Redio, siku hiyo iliitwa Siku ya Mauaji. Ng'ambo iliitwa Siku ya Kujilinda. Mwalimu mkuu, ambaye alifundisha watoto wa pande zote na aliwaogopa wazazi wa pande zote, aliiita "yale matukio", na kila akitamka hivyo alikohoa.

Baba yake Redio alikuwa fundi bomba. Siku ile alivuka daraja na mkoba wake wa spana, na hakurudi. Mwili wake haukuonekana. Watu wa ng'ambo walisema alikwenda kuwakatia maji. Watu wa mtaani kwake walisema alikwenda kufa kishujaa. Mkewe, aliyemfungia chakula cha mchana asubuhi ile, alijua kwamba alikwenda kuziba bomba lililopasuka. Mwaka ulikwisha, wa pili ukaingia, na bado hakujua mume wake yuko wapi.

Tangu hapo wakubwa hawakuvuka daraja. Aliyevuka, watu wake walimwita msaliti, na wale aliowaendea walimwita mpelelezi. Waliovuka ni mkunga, kwa kuwa mtoto akitaka kuzaliwa haulizi mama yake anakaa upande gani, na wanafunzi, kwa kuwa shule ilikuwa moja. Mtu akiwa na mbuzi aliyepotelea kule, au ngazi aliyomwazima mtu kabla ya ugomvi, humtuma mtoto. Ndiyo maana Redio alikuwa hapati nafasi ya kupumua.

Jambo moja lilimtofautisha mama yake na majirani. Wao walipotaka kuwataja watu wa ng'ambo walisema "wale". Wale wana roho mbaya. Wale usile chakula chao. Ni neno dogo, lakini walilitamka kama mtu anayetema kokwa. Mama hakulitumia. Kama ni muuza mkaa wa ng'ambo, alisema muuza mkaa. Kama ni mwalimu, alisema mwalimu. Redio aliudhika sana na tabia hiyo. Moyoni aliona kama mama hakuwa amemlilia baba vya kutosha.

Siku moja mkunga alipita kuagiza kigodoro cha mtoto mchanga wa upande wa pili. Alipima urefu kwa mikono yake, akakubaliana na mama juu ya kitambaa, lakini hakuondoka. Alimtazama Redio, akamtazama mama, mwisho akaamua kusema mbele ya wote wawili.

"Mama, yupo mtu anayejua mumeo alipozikwa."

Mama alikuwa ameshika shazia, ile sindano nene ya kushonea magodoro. Aliiweka chini polepole.

Mkunga akaeleza. Ng'ambo kulikuwa na mzee mchimba visima. Jioni ya siku ile ya damu alimwokota fundi bomba na kumzika peke yake, kimyakimya, vijana wa kwao wasijue. Kaburi lilikuwa mahali fulani kwenye uwanja mpana wa majani wa huko, na sasa uwanja huo ulikuwa unageuzwa maegesho ya malori. Tingatinga lilikuwa limeshaletwa. Likishapita na kusawazisha, hata mzee mwenyewe hatajua tena pa kuonyesha. Mama akauliza kwa nini mzee huyo alinyamaza muda wote huo. Mkunga akasema ni hofu. Vijana wakijua alimzika mtu wa upande huu kwa heshima, wanaweza kumchomea nyumba.

"Nimemwomba anionyeshe mimi, amekataa," mkunga alisema. "Anataka aombwe na mwenye mtu wake."

Kesho yake mama alijaribu kwenda. Alifika mwanzo wa daraja, pale alipomuaga mumewe, na miguu ikagoma. Alisimama hapo hadi wapita njia wakaanza kumtazama, kisha akarudi nyumbani na kumwita bintiye. Alimwambia polepole, kama mtu anayepima kitambaa cha bei kubwa:

"Mwambie mzee, mama anakuamkia. Hana ugomvi na wewe. Anaomba kujua mume wake amelala wapi, akamwone kabla tingatinga halijapita. Rudia."

Redio akarudia, neno kwa neno. Mama akamwambia arudie tena, naye akarudia. Hakuna kilichopungua.

Siku hiyo shule ilipofungwa, alivuka daraja pamoja na mjukuu wa mzee huyo, msichana mpole wa darasa lake ambaye wenzake walimwita Nukta kwa udogo wake. Walitembea vizuri tu hadi walipofika kwenye kioski cha maji. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: WAKATA MAJI MSIRUDI HAPA.

"Usisome," Nukta alisema, akamvuta mkono.

Lakini mtoto aliyekwisha kujifunza kusoma hawezi kuacha kusoma. Wakata maji. Maana yake baba. Baba ambaye viganja vyake vilikuwa na makovu ya kuziba mabomba ya kila mtu, ya huku na ya kule. Redio alihisi kitu cha moto kinampanda kutoka tumboni hadi kooni, na alipofika kwa mchimba visima kitu hicho kilikuwa kimefika mdomoni.

Mzee alikuwa ameketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiunganisha kamba iliyokatika. Nyuma yake kulikuwa na sururu, makoleo na kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba ya kisima. Alipomwona mgeni alitabasamu kidogo, akasubiri kuamkiwa. Redio hakumwamkia. Alisimama mlangoni na kusema kwa sauti yake ile isiyohitaji kipaza sauti:

"Mama anauliza mlimtupa wapi baba."

Mikono ya mzee ikasimama juu ya kamba. Nukta aliinamisha kichwa.

"Mama yako ndiye aliyesema hivyo?" mzee aliuliza.

Hapo palikuwa na nafasi ya kulirudisha neno. Redio aliiona nafasi hiyo, akaiacha ipite. "Ndiyo," alisema.

Mzee alisimama kwa shida, akiwa ameshika magoti. "Basi kamwambie mama yako kwamba hapa hakuna mtu aliyetupwa. Kwa hiyo hakuna cha kuonyesha." Akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nyumbani, mama alikuwa amekoga na kuvaa gauni lake la kutokea, kana kwamba jibu lingemtaka atoke saa ileile. Redio alimkuta ameketi mlangoni. Alipomwona uso, ulimi wake ukawa mzito. Akasema kipande kimoja tu, kile cha mwisho: mzee anasema hakuna cha kuonyesha.

Mama hakulia. Aliinuka, akaenda kuvua lile gauni, akarudi na nguo za kazi. Jirani yao mwenye genge la mboga, ambaye pua yake ilinusa habari kabla hazijaiva, alikuwa ameshafika na kuketi bila kukaribishwa.

"Nilikwambia mimi," alisema mama wa genge. "Ulitegemea nini kutoka kwa wale? Wale ni wale."

Mama aliketi jamvini. Kisha akasema, "Kweli. Wale ni wale."

Redio alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mama yake. Halafu akaona jambo jingine lililomuumiza zaidi. Mama alikichukua kile kigodoro cha mtoto mchanga, kilichokuwa kimebaki mshono wa upande mmoja, akachukua wembe, akaanza kukifumua. Sufi nyeupe ikamwagika jamvini.

"Mtoto wao alale chini," mama alisema. "Mimi wananinyima hata kaburi."

Mama wa genge alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka kwenda kutangaza. Wembe uliendelea kukata nyuzi. Redio alimfikiria huyo mtoto mchanga, ambaye hata macho hakuwa amefungua vizuri, ambaye hakuwa amekata maji wala kurusha jiwe, na ambaye sasa atalala chini kwa sababu ya neno alilolitia yeye. Hapo ndipo alipoanza kulia.

"Mama, mimi ndiye niliyeharibu."

Akaeleza yote: maandishi ya ukutani, kutomwamkia mzee, neno lile, na uongo uliofuata. Alisubiri kofi. Mama aliweka wembe chini.

"Ulisema mlimtupa?"

"Ndiyo, mama."

"Neno hilo ulilitoa wapi?"

"Watu wote mtaani wanasema hivyo."

"Watu wote mtaani hawakuwa wake zake," mama alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mke wake, na nilikupa maneno yangu. Usiku kucha niliyatafuta. Ukafika mlangoni ukayamwaga, ukampa yule mzee maneno ya mtaa."

Redio alifuta pua kwa mkono, akasema atarudi kesho kutengeneza. Alikuwa ameshafikiria namna: atamwamkia mzee vizuri, kisha amwambie kwamba mama anauliza tu kuhusu ile bahati mbaya iliyompata baba. Hivyo mzee hatakasirika.

Mama aliguna. "Bahati mbaya? Kwani baba yako aliteleza bafuni?"

"Nilitaka tu kulainisha, mama."

"Sikiliza. Mchana ulichukua neno lenye miiba, ukamchoma mtu asiye na kosa. Sasa unataka kuchukua neno la pamba, umfunike baba yako asionekane. Yote mawili ni uongo. Baba yako aliuawa, mwanangu. Nikikubali kusema vingine ili tu nionyeshwe kaburi, nitakuwa nimemzika mara ya pili." Akaanza kuirudisha sufi ndani ya kigodoro, ngumi kwa ngumi. "Safari hii sitamtuma mtu. Tutakwenda wote wawili, na utaanza kusema wewe."

Jumamosi asubuhi walitoka. Mtaani watu walisimama milangoni, na mama wa genge aliacha kupanga nyanya zake ili aone vizuri. Mwanzo wa daraja, miguu ya mama iligoma tena. Redio alimshika mkono. Mkono ule, uliozoea kusukuma shazia kwenye kitambaa kigumu, ulimbana hadi vidole vikamuuma, na Redio aliona haya kwa kuwa aliwahi kudhani kwamba mama hakumlilia baba. Walivuka.

Mzee aliwaona kutoka uani. Hakuinuka.

"Shikamoo, babu," Redio alisema.

Mzee hakuitikia. Redio alihisi uzito wa ukimya ule, akajua kwamba ndivyo na yeye alivyomwacha mzee siku ile.

"Babu, mama hakusema mlimtupa. Mama alisema anakuamkia, hana ugomvi na wewe, na anaomba kujua mume wake amelala wapi. Hilo neno lingine niliongeza mimi. Na uliponiuliza, nilidanganya. Nisamehe."

Mzee alimtazama mtoto, akamtazama na mama aliyekuwa nyuma yake.

"Marahaba," alisema mwishowe. Kisha akampisha mama akae juu ya ile ndoo, yeye akaketi chini.

Mama alisema kwamba neno lile halikutoka kinywani mwake, lakini lilitoka nyumbani kwake, na kwa hiyo analiombea radhi. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Liliniuma, mwanangu," alisema. "Nilimwosha uso kwa maji ya kunywa, maana hapakuwa na mengine. Nikamfunika kwa shuka ya marehemu mke wangu. Nimechimba mashimo maisha yangu yote, lakini lile lilinishinda nguvu, nililichimba huku nalia. Halafu naambiwa nilimtupa."

"Nilikuwa sijui," mama alisema. "Sasa najua. Mungu akulipe."

Mzee alifungua kinywa, akaanza, "Ile siku ya kuji…" akakatisha, kama mtu aliyeng'ata kijiwe ndani ya wali. Akatikisa kichwa. "Hata sijui niiiteje mbele yako. Wakubwa wakija kuhutubia wanasema watu walipoteza maisha, kana kwamba waliyadondosha njiani. Mumeo hakupoteza kitu. Nilipomkuta, bomba lilikuwa limezibwa nusu. Anayekata maji hazibi. Aliuawa, na waliomuua ni vijana wa kwetu. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mwenyewe."

Redio alimwona mama anafumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa upande ule kulisema jambo hilo wazi, bila kukohoa. Lilimuuma mama, hilo lilionekana, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Na kwetu iko mikono iliyoua," mama alisema baadaye. "Mingine naifahamu. Wenye mikono hiyo nimewashonea magodoro."

Waliondoka pamoja kwenda uwanjani, na Nukta akawafuata. Tingatinga lilikuwa linanguruma upande wa mbali, limekwisha kukwangua nusu ya majani. Mzee alitembea akitazama chini, akahesabu kwa midomo kutoka kwenye nguzo ya umeme, akasimama mahali ambapo palikuwa pamedidimia kidogo tu. Mtu asiyejua angepita juu yake.

"Hapa," alisema.

Dereva wa tingatinga aliwaona, akazima mashine na kuja. Vijana wawili waliokuwa wakikusanya mawe kwa toroli waliacha kazi, wakasogea kusikiliza. Mzee aliwatazama vijana hao.

"Hapa pana kaburi?" dereva aliuliza. "La nani? Mtu wa huku au wa ng'ambo?"

Kila mtu alimsubiri mzee. Ingekuwa rahisi kusema neno lolote la kupita, halafu arudi nyumbani salama.

"Ni la fundi bomba," mzee alisema. "Huyu ni mke wake, na huyu ni binti yake. Nilimzika mimi."

"Fundi bomba yupi?" kijana mmoja aliuliza. "Yule mkata maji?"

Kile kitu cha moto kikampanda Redio tena, kilekile cha siku ile. Maneno ya mtaa yote yalikuwa tayari ulimini yamejipanga. Akayaacha hapo hapo.

"Alikuwa anaziba bomba," alisema. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni baba yangu."

Kijana alimtazama. Pengine alitaka kubisha, pengine alikuwa na baba pia. Aliinamisha macho, akarudi kwenye toroli lake. Dereva alivua kofia, akasema basi yeye atapita kando, wampangie mawe apaone. Muda mfupi baadaye yule kijana alisukuma toroli hadi karibu nao, akamwaga mawe, akarudi kazini. Wakayapanga kuzunguka kaburi: mzee, Nukta, Redio na mama.

Jiwe la mwisho lilipowekwa, mama aliketi chini, akaweka kiganja juu ya udongo, na akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima na zaidi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Redio alijilaza mgongoni kwake, akalia naye. Mzee aligeuka upande wa pili na kufuta macho kwa ncha ya shati.

Waliporudi nyumbani jua lilikuwa kali. Mama wa genge alikuwa anawasubiri.

"Enhe, kwa hiyo wale wamekuonyesha walikomtupa?"

Redio alimtazama mama yake. Mama alikuwa amechoka, macho yamevimba, lakini alisimama.

"Hakutupwa, jirani. Aliuawa, kisha akazikwa. Aliyemuua siye aliyemzika."

"Kwangu mimi wote ni wamoja," alisema mama wa genge.

"Ndipo unapokosea," mama alisema. "Ukiwatia wote katika neno moja, yule mzee aliyemwosha mume wangu uso umemfanya muuaji. Na waliomuua umewapa watu wengi wa kujificha nyuma yao. Mimi sitawaficha."

Mama wa genge alifyonza meno, akarudi kwenye nyanya zake. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hakumwamkia mama, na wapo wateja waliohama. Maandishi ya ukutani nayo hayakufutwa wiki hiyo wala iliyofuata.

Ndani, mama alikitoa kile kigodoro cha mtoto na kuanza kuushona upya mshono aliokuwa ameufumua. Redio aliketi karibu naye, akamuuliza kama sasa hasira yake imeisha.

"Haijaisha, mwanangu," mama alisema. "Watu wakishauana, hakuna maneno ya kuwafufua. Lakini waliobaki bado wanatakiwa kusemezana, na hawana kingine cha kusemezana nacho ila maneno. Kwa hiyo ukitumwa, au ukisema lako mwenyewe, sema kweli yote, lakini usimtwike mtu dhambi ya mwenzake. Ukisema chini ya kweli, unamdhulumu aliyekufa. Ukisema zaidi ya kweli, unamdhulumu aliye hai. Juzi tulikaribia kumpoteza baba yako kabisa, na si kwa tingatinga, kwa neno moja tu."

Redio aliitikia kwa kichwa. Mama akavuta uzi, akaukata kwa meno, akamwambia akipeleke kigodoro kwa mkunga kabla mtoto hajaamka.